Ziwa Lililokaushwa: Somo Kuhusu Malipizi



Leo tunaendelea na Sakramenti ya Kitubio, na nitakaa kwenye sehemu moja ambayo wengi wetu tunaipita mbio: malipizi. Majuto tunayajua. Kuungama tunakujua. Lakini malipizi tumeyageuza kuwa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, tunazisali palepale kwenye benchi, tunapangusa magoti, tunaenda zetu.

Sasa kuna swali ambalo vijana huniuliza sana, hasa wakati wa Kwaresima: "Frateri, nimeungama, padre ameniondolea dhambi, mbona mambo bado yako vilevile?"

Chukua mfano. Kijana amekabidhiwa ada ya mdogo wake aipeleke shuleni. Yeye akaipeleka kwenye kubeti. Ikaliwa yote. Amelia, ameungama, na amesamehewa kweli. Lakini mdogo wake yuko nyumbani, na mwaka wa shule unakwenda. Hivi hapo Mungu amefanya nusu ya kazi?

Ili kulijibu swali hili, naomba tutoke kidogo kwenye katekesi tukatazame ziwa moja. Ni ziwa la kweli, liko katika nchi ya Biblia, lilikaushwa kwa mikono ya watu na baadaye watu haohao wakajaribu kulirudisha. Tukishalielewa, tutarudi kwa yule kijana.

1. Ziwa kati ya Kaisaria Filipi na Galilaya

Fungua Mathayo 16. Yesu yuko upande wa Kaisaria Filipi, anawauliza wanafunzi wake wanasema yeye ni nani, na Petro anajibu. Hapohapo Petro anaahidiwa funguo, pamoja na mamlaka ya kufunga na kufungua. Eneo hilo leo linaitwa Banias, na kuna chemchemi inayotoka chini ya jabali kubwa. Maji yake ni mojawapo ya vyanzo vya mto Yordani, pamoja na Dan na Hasbani. Vijito hivi vinashuka na kukutana katika bonde la Hula, kaskazini mwa Israeli ya leo, kisha Yordani unaendelea kusini hadi ziwa la Galilaya. Yaani mahali Petro alipoahidiwa funguo na mahali alipoacha nyavu zake panaunganishwa na maji yaleyale. Katikati ya njia hiyo palikuwa na ziwa Hula.

Halikuwa kubwa. Lilikuwa na urefu wa kilomita 5 hivi na upana wa kilomita 4 hivi, na wakati wa kiangazi kina chake kilikuwa kama mita 1.5 tu. Mtu mrefu angeweza kusimama na kichwa kikabaki juu. Kaskazini yake kulikuwa na kinamasi kikubwa cha mafunjo. Ndiyo, mafunjo yaleyale tunayoyaona kandokando ya Ziwa Victoria. Wazee wetu wa huku wanayajua kwa mikeka, na wenyeji wa Hula nao waliyajua hivyohivyo: Waarabu walioitwa Ghawarna walisuka mikeka ya mafunjo, wakajengea vibanda, wakafuga nyati wa maji, wakavua samaki. Humo kulikuwa na kambare, na kulikuwa na samaki wa ukoo mmoja na perege na sato wetu.

Ndege nao walilijua. Kila mwaka korongo weupe na mwari wakihama kati ya Ulaya na Afrika wanapita katika bonde hilo, na wengi wa korongo hao wanafika hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Nabii Yeremia (8:7) anamtaja korongo kuwa ndege anayejua majira yake ya kurudi, halafu anawashangaa watu wa Mungu ambao hawajui kurudi. Shika neno hilo, kurudi. Tutalihitaji.

Ila tusilipambe ziwa hili kupita kiasi. Bonde la Hula lilikuwa na malaria kali sana, na watu wa pale waliishi maisha magumu. Sisi tuliolala na homa hiyo, tukatetemeka chini ya blanketi mbili saa saba mchana, hatuwezi kuwacheka watu waliokichukia kinamasi.

2. Walipolikausha

Kazi ya kulikausha ilifanyika kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, chini ya Mfuko wa Taifa wa Wayahudi. Wahandisi walichimba na kupanua mkondo wa Yordani kusini mwa ziwa ili maji yatoke haraka, wakachimba na mifereji kukatiza bonde zima. Walitaka kumaliza malaria, walitaka mashamba, na waliamini udongo mweusi wa chini ya kinamasi ungekuwa na rutuba ya ajabu. Hazikuwa sababu za watu waovu. Wakati huo, lakini, malaria yenyewe ilikuwa imeshapungua sana kwa sababu ya dawa za kuua mbu. Na walikuwepo wanasayansi waliopinga. Mwaka 1953 baadhi yao wakaanzisha chama cha kulinda mazingira ya asili. Ziwa hawakuliokoa. Waliokoa kipande kidogo tu cha kinamasi, chenye kilomita za mraba 3 hivi, ambacho mwaka 1964 kilitangazwa kuwa hifadhi, ya kwanza katika nchi ile.

Nini kilifuata? Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Udongo ule mweusi ulikuwa ni mimea ya maelfu ya miaka, iliyoanguka majini ikaoza nusunusu. Ukiwa ndani ya maji unatulia. Ukikutana na hewa unaanza kuoza upya, unasinyaa, unakuwa unga. Basi ardhi ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Upepo ukirusha vumbi jeusi, mazao yanaharibika. Udongo ukashika moto wenyewe chini kwa chini, na moto wa namna hiyo kuuzima ni kazi kweli. Panya wa mashambani wakazaliana. Baadhi ya mashamba yaliyotarajiwa kuwa bora kuliko yote yakaachwa.

Na madhara hayakubaki pale. Kinamasi kile kilikuwa kama chujio: maji ya Yordani yalipita humo polepole, yakaacha uchafu wake. Chujio lilipoondoka, mvua ikawa inasomba naitreti kutoka kwenye ule udongo unaooza na kuipeleka chini hadi Galilaya, ziwa ambalo nchi nzima ilikuwa inalitegemea kwa maji ya kunywa. Mtu anayekata mfereji huku juu hamwoni anayechota maji kule chini. Dhambi nayo iko hivyo. Yule kijana alipobonyeza simu yake usiku hakumwona mdogo wake amekaa nyumbani na sare iliyopigwa pasi.

Viumbe nao wakapotea. Aina mbili za samaki waliokuwa wa ziwa hilo, Acanthobrama hulensis na Tristramella intermedia, hazipo tena popote duniani. Na kulikuwa na chura mmoja mwenye tumbo jeusi lenye madoa meupe, ambaye wanasayansi walimpata kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Mwaka 1955 akaonekana mmoja. Baada ya hapo, kimya. Mwaka 1996 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka.

Katika miaka yangu ya falsafa nilikutana na fundisho la Mtakatifu Tomaso wa Akwino (Summa, sehemu ya kwanza, swali la 47) kwamba Mungu aliumba viumbe wengi na tofauti kwa sababu hakuna kiumbe kimoja kinachoweza peke yake kuonyesha wema wake wote. Kinachopungua kwa mmoja kinajazwa na mwingine. Papa Fransisko amelirudia fundisho hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015. Nilipolisoma mara ya kwanza nililiona ni nadharia nzuri ya mtihani. Ziwa Hula linalifanya liwe zito. Samaki yule alikuwa anasema kitu juu ya Mungu ambacho sato hakisemi. Sasa hakisemwi na yeyote.

3. Walipolirudisha

Mwaka 1994, baada ya matatizo kuzidi, maji yalirudishwa katika sehemu ya bonde. Mfuko uleule uliokausha ukashiriki katika kurudisha. Kumbuka hilo. Walitengeneza ziwa jipya lenye kina kifupi, liitwalo Agamon, la kilomita ya mraba 1 hivi, kwenye eneo ambalo udongo wake ulikuwa umeharibika zaidi. Wakapandisha pia kiwango cha maji chini ya ardhi ili ule udongo mweusi ulowane tena, usioze na usiwake.

Ndege wakaja. Leo korongo wa kijivu makumi ya maelfu wanatua pale, na wengi wanakaa majira yote ya baridi. Lakini korongo wanapenda karanga, na wakulima wa bonde wanalima karanga! Ungetegemea ugomvi. Wakakubaliana jambo la busara: ndege wanamwagiwa mahindi kwa trekta sehemu moja waliyotengewa, ili mashamba mengine yasalimike. Yaani kurudisha hakukuisha siku ile maji yalipofunguliwa. Kuna gunia la mahindi la leo, na la kesho pia.

Sasa tuseme ukweli wote. Kilichorudi ni sehemu ndogo tu ya kile kilichokuwepo. Wale samaki wawili hawakurudi, na hawatarudi. Na wale Ghawarna, waliosuka mafunjo na kuvua? Vita vya mwaka 1948 viliwaondoa bondeni, hata kabla mifereji haijachimbwa, na maji yaliporudi wao hawakurudi nayo. Anayesimama Agamon leo akifurahia ndege anafanya vizuri kukumbuka na hilo.

Lakini kuna jambo moja zaidi. Mwaka 2011 mlinzi wa hifadhi akiwa kwenye doria alimwona chura. Ana tumbo jeusi lenye madoa meupe. Ni yeye! Miaka 15 baada ya kutangazwa ametoweka, alikuwa yupo. Wanasayansi walipomchunguza wakakuta ni wa jenasi iliyokuwa inajulikana kwa mabaki ya mifupa ya kale tu. Alikuwa wapi muda wote huo? Kwenye kile kipande kidogo kilichookolewa, chini ya majani na matope.

4. Tunajifunza nini juu ya malipizi

Kwanza, kuacha ni kitu kimoja na kurudisha ni kitu kingine. Mwaka 1958 uchimbaji ulikwisha, lakini udongo uliendelea kuungua miaka mingi baadaye. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha wazi kwamba maondoleo yanafuta dhambi lakini hayaponyi kila vurugu iliyoletwa na dhambi hiyo. Aliyesamehewa bado anadaiwa kufanya linalowezekana kurekebisha: kurudisha alichoiba, kumsafishia jina aliyemchafua, kufidia aliyemjeruhi. Kwa hiyo kijana wetu hajakosea kuona kwamba mambo bado yako vilevile. Anachokiona ni kazi inayomsubiri. Kosa litakuwa kudhani kwamba kwa kuwa kazi ipo, basi msamaha haukuwa wa kweli.

Mungu hakufanya nusu. Urafiki wake amemrudishia mzima. Halafu amempa heshima ya kushiriki katika kutengeneza. Soma Yohana 21. Petro aliyemkana Bwana mara tatu anaulizwa mara tatu kama anampenda, kandokando ya ziwa lile la Galilaya, na kila anapojibu anakabidhiwa kazi ya kulisha kondoo. Msamaha wake ulikuja na majukumu.

Pili, rudisha unachoweza. Kuna uongo mmoja wa shetani ambao ni mtamu sana: "Kwa kuwa huwezi kurudisha vyote, usirudishe chochote." Mtakatifu Tomaso anaujibu (Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 62). Anasema pale ambapo haiwezekani kurudisha kitu kilicho sawa na kilichochukuliwa, inatosha kurudisha kinachowezekana. Anatoa mfano wa mtu aliyemkata mwenzake kiungo: mkono haurudi, lakini anadaiwa kufidia kwa mali au kwa heshima, kadiri inavyofaa. Mwaka wa shule wa yule mdogo ni kama samaki wa Hula. Umekwenda. Ada ya mwaka ujao, je? Anaweza kubeba matofali, akaweka kidogo kidogo kila Jumamosi kwa mama yake na si kwenye simu yake. Anaweza kumwambia mdogo wake uso kwa uso: "Mimi ndiye niliyekula ada yako." Zakayo (Luka 19) hakusubiri aweze kurudisha kila kitu kwa kila mtu tangu aanze kutoza ushuru. Alisimama, akataja hesabu, akaanza.

Na nisieleweke vibaya: kurekebisha kidogo si kisingizio cha kusahau walioumia. Ukishalipa ada, bado yupo mtu aliyepoteza mwaka. Usimlazimishe akushangilie. Ghawarna wanatukumbusha kwamba maji yanaweza kurudi, na bado kuna mwenye haki ya kulia.

Tatu, usikaushe vyote, na usitangaze kifo mapema. Chura yule hakuokolewa na maji ya mwaka 1994. Aliokolewa na watu walioshindwa mwaka 1958, lakini wakang'ang'ania kipande kidogo. Hawakujua wanamtunzia nani nyumba. Kijana, hata ukiwa umezama kwenye jambo unaloshindwa kulivunja, bakiza kipande. Kama Rozari nzima imekushinda, bakiza fungu moja. Kama unaona aibu kukomunika, usiache kuja Misa. Kaa nyuma kabisa, lakini njoo. Nimewaona wanaosema "mimi imani yangu imeshakufa", na hawajui kuna nini bado kinapumua chini ya matope yao.

Mwisho kabisa, somo hili ni la roho na ni la udongo pia. Kitabu cha Mwanzo (2:15) kinasema mtu aliwekwa bustanini kuilima na kuitunza, na Laudato Si' inatukumbusha kwamba maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. Wengi wenu mnatoka kwenye vijiji vyenye mabonde ya maji na vinamasi, na pengine kuna mzee anapanga kukata mfereji msimu huu ili apate bustani ya nyanya. Msimkejeli, maana naye ana watoto wa kulisha. Kaeni naye muulizane: haya maji yakitoka hapa, nani kule chini anayachota?

Maswali ya kujadili (VIWAWA, TYCS, au jumuiya ndogondogo)

1. Kuna jambo gani nililoungama zamani ambalo sijawahi kulirekebisha? Ni nani bado anaumia kwa sababu yake?
2. Katika jambo hilo, kipi hakiwezi kurudi tena, na kipi kinaweza? Andika vyote viwili kwenye karatasi. Usimwonyeshe mtu.
3. Soma Ezekieli 47:8-11. Nabii anaona maji yanaponya bahari, wavuvi wanatandaza nyavu, na bado vinamasi vinaachwa kwa ajili ya chumvi. Kwa nini Mungu hakuvifuta? Ni nini katika kijiji chetu au familia yetu tunachokiita "hakina faida"?
4. "Gunia la mahindi" langu ni lipi, yaani jambo dogo ninalopaswa kulifanya kila wiki ili yale niliyoyarekebisha yasiharibike tena?

Zoezi la wiki: chukua kitu kimoja kutoka swali la pili, upande wa kinachoweza kurudi, ukakianze kabla ya Dominika. Kama ni deni, hata elfu mbili ya kwanza ni mwanzo. Kama ni jina la mtu ulilolichafua, nenda kwa walewale uliowasimulia.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyekutana na Petro kando ya ziwa ukamrudishia urafiki na kazi, utukutane na sisi. Tunakushukuru kwa msamaha unaotupa mzima. Utupe sasa nguvu ya kurudisha tunachoweza, unyenyekevu mbele ya wale tusioweza kuwalipa, na macho ya kuona kile kidogo ambacho bado kiko hai ndani yetu. Utufundishe kurudi kwa majira yake, kama korongo wa angani. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.

Bikira Maria, Kimbilio la Wakosefu, utuombee.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaendelea na swali la pili ambalo huulizwa sana: je, padre anaweza kukumbuka dhambi zangu? Mbaki na amani ya Kristo.